Jenerali China: Aliyehukumiwa Kitanzi Akarudi Kulea Vijana wa Taifa



Kila Desemba mambo hutujia kwa pamoja. Tarehe 2 tunasherehekea na wenyeji wetu sikukuu yao ya taifa, na watoto hurudi kutoka shuleni wakiwa na skafu za rangi nyekundu, kijani, nyeupe na nyeusi. Siku kumi baadaye, tarehe 12, ni zamu yetu, na rangi ni zilezile nne. Tunapika pilau na mukimo, tunageuza nyama kwenye makaa, kisha watoto wanauliza swali lao la kila mwaka: waliopigania uhuru walikuwa akina nani hasa? Huwa tunawatajia Kenyatta na Kimathi, halafu tunarudi kwenye nyama. Mwaka huu tumeona tuwaeleze habari za mtu mwingine, ambaye babu zenu walimjua vizuri lakini nyinyi huenda hamjawahi kumsikia. Jina lake ni Waruhiu Itote. Msituni aliitwa Jenerali China.

Tumemchagua kwa sababu moja. Kimathi alihukumiwa kifo akanyongwa, na kila mtu anajua jinsi ya kumkumbuka shujaa aliyekufa. Itote alihukumiwa kifo akabaki hai. Kumkumbuka mtu wa namna hiyo ni kazi ngumu zaidi.

Kijana wa Kaheti

Alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Kaheti, Mukurwe-ini, upande wa Nyeri. Wazazi wake walikuwa wakulima. Mwaka 1939, akiwa na miaka 17, aliondoka nyumbani kwenda Nairobi kutafuta maisha, kama sisi tulivyoondoka kuja huku. Alijaribu biashara ndogondogo, akaona jinsi kipande na vibali vilivyombana Mwafrika asiye na mtu wa kumshika mkono.

Mwaka 1942 aliingia jeshini, katika KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki. Walivushwa bahari ya Hindi wakaenda kupigana na Wajapani kwenye misitu ya Burma. Huko alipanda cheo akawa koplo, na huko ndiko macho yake yalikofumbuka. Alikutana na Wahindi waliokuwa wakidai uhuru wao na wakashangaa kwamba Waafrika wanapigana vita vya Mwingereza bila kudai chochote. Alikutana pia na askari mweusi kutoka Marekani aliyemsimulia habari za Haiti, mahali ambako watumwa walisimama dhidi ya mabwana zao wakajiundia nchi yao mwaka 1804. Kwa kijana wa Kaheti hilo lilikuwa jambo jipya kabisa. Hakuwahi kuambiwa kwamba watu weusi waliwahi kushinda.

Vita vilipokwisha alirudi nyumbani. Alidhani aliyepigania dola ya Mwingereza angepata angalau ardhi kidogo au ruhusa ya kufanya biashara kwa heshima. Alirudi akakuta kila kitu kilekile. Alipata kazi ya kuchochea moto kwenye injini za treni, akajiunga na chama cha KAU, na baadaye akala kiapo cha Mau Mau. Mwaka 1952, serikali ilipotangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba na kumkamata Jomo Kenyatta na wenzake, Itote alikuwa miongoni mwa wale walioshika njia ya Mlima Kenya. Yale aliyofundishwa Burma kuhusu vita vya msituni sasa aliyatumia kupigana na waliomfundisha. Dedan Kimathi aliongoza upande wa Nyandarua. Upande wa Mlima Kenya, aliyeongoza maelfu ya wapiganaji alikuwa Jenerali China.

Risasi na hukumu

Tarehe 15 Januari 1954, katika mapambano upande wa Karatina, alipigwa risasi shingoni akakamatwa. Sisi tulio wauguzi tunajua maana ya jeraha la risasi shingoni. Hapo mishipa mikubwa ya damu, koo na uti wa mgongo vyote vimekaa ndani ya upana wa kiganja kimoja. Wapo wanaojeruhiwa hapo ambao hawafiki hospitali. Yeye alifika, akatibiwa, na mara akaanza kuhojiwa.

Aliyemhoji alikuwa Ian Henderson, polisi aliyekulia Kenya na kuzungumza Kikikuyu kama mwenyeji. Huyu Henderson alifukuzwa Kenya baada ya uhuru, na miaka yake mingi iliyofuata aliifanyia kazi Bahrain, hapa hapa Ghuba. Mahojiano yalichukua saa 68. Itote alieleza habari nyingi za jeshi la msituni: mpangilio wake, silaha zake, namna chakula kilivyowafikia kutoka vijijini. Baadaye katika kitabu chake alijitetea kwamba aliwapoteza maboya Waingereza, na kwamba mengi aliyosema hayakuwa na faida kwao. Wapo wapiganaji wenzake ambao hawakukubali maelezo hayo hadi wakaingia kaburini.

Mwanzoni mwa Februari, hata wiki tatu hazijatimia tangu ajeruhiwe, alisimamishwa mahakamani Nyeri. Sheria za Hali ya Hatari zilikuwa kali: kukutwa na risasi, au kufuatana na watu wenye silaha, kulitosha kumnyonga mtu. Hakimu akamhukumu kifo. Katika miaka ile ya Hali ya Hatari zaidi ya watu 1,000 walinyongwa Kenya, na hapakuwa na sababu ya kudhani kwamba jina la Waruhiu Itote lingekosekana kwenye orodha hiyo.

Lakini serikali ilikuwa na hesabu nyingine. Ilimwona ni mtu anayeweza kuwafikia majenerali waliobaki mlimani. Akapewa chaguo: awaandikie wenzake watoke msituni kuzungumza, naye aachiwe roho yake. Alikubali. Mapema mwezi Machi, Gavana Evelyn Baring aliiondoa hukumu ya kifo akaweka kifungo mahali pake. Barua zikaenda, wajumbe wakapanda na kushuka mlima, na kwa wiki chache ilionekana kama vita vingeweza kumalizwa kwa maneno. Mwezi Aprili askari wa serikali wakapambana na wapiganaji katika eneo ambalo wengi walikuwa wamekusanyika, watu wakauawa, na waliobaki wakarudi msituni wakiamini wametegewa mtego. Mazungumzo yakafa hapo. Mwisho wa mwezi huohuo maelfu ya watu wa Nairobi walizolewa katika msako mkubwa.

Hapa ndipo watoto wetu wakubwa huuliza: basi alikuwa shujaa au msaliti? Nasi tunawajibu hivi. Alikuwa na umri wa miaka 32, shingo imefungwa bendeji, kitanzi kinamngoja, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaa mahali pale. Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba hakuna aliyeumia kwa maneno yake. Yote mawili ni kweli, na mtu anayetaka kumjua Itote lazima ayabebe yote mawili.

Kisiwa katikati ya jangwa

Serikali ya kikoloni ilipenda kuwatupa wafungwa wake mahali ambako hakuna wa kuwasikia. Wengine walipelekwa kisiwa cha Manda kule Lamu, wengine kisiwa cha Mageta ndani ya Ziwa Victoria. Itote alipelekwa Lokitaung, katika Turkana, karibu na mipaka ya Ethiopia na Sudan ya wakati ule. Hapo hapana maji ya kuzunguka, lakini ni kisiwa vilevile. Pande zote ni mawe, mchanga na jua. Sisi wa Dubai tunaweza kulielewa joto lile, tofauti ni kwamba hapakuwa na kiyoyozi wala barabara ya kutokea.

Wafungwa walikuwa wachache. Aliwakuta Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba, waliohukumiwa Kapenguria mwaka 1953 kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Kenyatta alikuwa mzee tayari, na badala ya kuvunja mawe alipewa kazi ya kuwapikia wenzake. Rais wa kwanza wa nchi yetu alikuwa mpishi wa jela.

Jela ndogo ina maradhi yake. Watu wachache wakikaa mahali pamoja miaka mingi, kila neno linakuwa kubwa. Wafungwa wa Lokitaung waligawanyika, na wengine walimchukia Kenyatta kiasi cha kutosemezana naye. Siku moja mfungwa mmoja alimvamia mzee kwa nia mbaya, na aliyeingia kati akamwokoa alikuwa Itote. Aliyeponea kitanzi chupuchupu sasa alikuwa amelinda maisha ya mwingine.

Mzee naye alimpa kitu. Itote alikuwa amesoma kidogo tu. Kenyatta, aliyewahi kusoma chuo kikuu London na kuandika kitabu kuhusu mila za Wakikuyu mwaka 1938, alianza kumfundisha Kiingereza. Mwalimu mzee mwenye masufuria ya kuosha na mwanafunzi mwenye kovu shingoni, kwenye joto la Turkana, walikaa na madaftari, wakiandika na kusahihisha, mwaka baada ya mwaka.

Sehemu hii ya maisha yake inatugusa kuliko zote. Sisi tuliopata shahada ya uuguzi ugenini, tukiwa tayari tuna watoto na kazi ya zamu, tunakumbuka kukaa darasani na wenzetu wa rika la wadogo zetu, tukitafuta maneno kwenye kamusi usiku wa manane. Tunajua aibu ya mtu mzima asiyejua jambo ambalo kila mtu anadhani analijua. Na sisi tulikuwa na tumaini la kazi mbele yetu. Yeye alikuwa mfungwa asiyejua kama atatoka, anajifunza lugha ambayo huenda asingekuwa na mtu wa kuzungumza naye. Kusoma katika hali hiyo ni kuamini kwamba maisha bado yana kitu, hata kama hukioni.

Kutoka na kurudi

Kenyatta aliachiwa mwaka 1961. Itote alitoka mwaka 1962, baada ya miaka minane kifungoni. Alimwacha Kimathi kaburini: alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa mahali pasipo alama. Nchi aliyotoka kuiona ilikuwa imebadilika. Wakoloni walikuwa wanafunga mizigo. Tarehe 12 Desemba 1963 bendera ya Mwingereza ikashushwa na yetu ikapanda, na wapiganaji waliokuwa bado msituni wakaanza kushuka.

Mwaka 1964 serikali ilianzisha Huduma ya Vijana kwa Taifa, ile tunayoiita NYS. Lengo lilikuwa kuwachukua vijana waliokosa shule na kazi, wengi wao wameharibiwa na miaka ya vita, na kuwapa nidhamu, kusoma, ufundi na kazi ya kujenga barabara na kulima mashamba. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Geoffrey Griffin, mwanzilishi wa shule ya Starehe, Mzungu mzaliwa wa Kenya ambaye wakati wa Hali ya Hatari alikuwa afisa wa KAR. Na mmoja wa wasaidizi wake wakubwa alikuwa Waruhiu Itote.

Lifikirieni jambo hilo, watoto. Wanaume wawili ambao miaka kumi kabla wangeweza kupigana risasi msituni wamekaa ofisi moja, wanapanga vijana watalala wapi, watakula nini na watafundishwa ufundi gani. Hawakufuta yaliyopita, ila hawakuyaacha yawazuie kufanya kazi. Kwa Itote hii haikuwa kazi ya siku mbili. Alikaa NYS miaka 20, hadi alipostaafu mwaka 1984. Mwaka 1967 alitoa kitabu cha maisha yake kwa Kiingereza, lugha aliyojifunza gerezani, na mwaka 1979 akatoa kingine. Alifariki mwaka 1993.

Tusiwadanganye watoto kwamba mambo yalimwendea kila mtu hivyo. Wapiganaji wengi walirudi vijijini wakakuta mashamba yao yamegawiwa wengine. Bildad Kaggia, aliyefungwa naye Lokitaung, aliendelea kuwatetea wasio na ardhi hadi akapoteza nafasi yake serikalini. Mau Mau yenyewe ilibaki jina lililopigwa marufuku katika sheria za Kenya hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa makambini, na wengi zaidi walikuwa wamekwisha kufa. Itote alipata nafasi ya pili kwa sababu alijulikana na mtu mkubwa. Mwenzake ambaye hakufungwa na Kenyatta hakuipata. Haki ya kweli ingekuwa kila mmoja aipate.

Neno letu kwa jumuiya

Tumeandika habari hizi kwa sababu ya jambo lililo karibu nasi. Katika jumuiya yetu wapo watu waliopitia kifungo hapa ugenini, kwa deni lililowashinda, hundi iliyorudi, ugomvi wa usiku mmoja au kosa kubwa zaidi. Wengine wamemaliza, wamelipa, wametoka. Tumeona yanayofuata. Simu zao hazipokelewi. Kwenye harusi na matanga wanakaa mwisho wa safu. Nyumbani Kenya mama mzazi anaambiwa kwamba mwanawe amesafiri mbali, kwa sababu hakuna anayetaka kulitaja neno jela. Katika kazi yetu tumewahudumia watu wa namna hii, na mara nyingi ugonjwa uliowaleta haukuwa ndio unaowaumiza zaidi.

Hatusemi kosa lisiitwe kosa. Itote mwenyewe hadi leo watu wanabishana juu yake, na wana haki ya kubishana. Lakini hebu tuone ni nini kilichomsimamisha tena. Hukumu kufutwa kulimpa pumzi tu, na pumzi hiyo ilimkuta amekaa juu ya mawe ya Turkana. Kilichomsimamisha ni mzee aliyekubali kukaa naye na daftari, na baadaye nchi iliyomkabidhi vijana wake wamlelee, ikijua vizuri alikotoka. Mtu aliyehukumiwa kunyongwa akaaminiwa watoto wa watu.

Kwa hiyo mwaka huu tunaomba jumuiya ifanye jambo dogo. Kila mmoja ampigie simu mtu mmoja ambaye tumeacha kumpigia. Mwenye ujuzi amfundishe mwenzake: Kiarabu cha kazini, kuandika maelezo ya kuombea ajira, kutumia kompyuta. Si lazima awe mfungwa wa zamani. Wapo dada zetu waliotoroka kazi za majumbani na ndugu zetu waliofukuzwa viwandani ambao wamekaa vyumbani wakiamini maisha yao yamekwisha.

Na nyinyi watoto mliozaliwa huku, mkienda Kenya likizo, mwombeni babu au nyanya awasimulie miaka ya Hali ya Hatari. Ulizeni kwa adabu, na msiwaharakishe, kwa maana wengine hawajawahi kuulizwa. Mkipita barabarani mkawaona vijana wa NYS na sare zao za kijani, kumbukeni kwamba miongoni mwa waliowalea wa kwanza alikuwa koplo wa Burma, jenerali wa Mlima Kenya, mfungwa wa Lokitaung na mwanafunzi wa ukubwani, mtu mmoja mwenye kovu shingoni.

Tunawatakia Jamhuri yenye amani. Chakula kikibaki, wekeni sahani moja kwa ajili ya yule ambaye hakualikwa.